Kombo ndogo ya gitaa iliyotumika: namna ya kuipima kabla hujatoa hela

Wakuu, juzi dogo mmoja wa kwaya kanipigia simu, kaona kombo ya gitaa (amplifaya na spika kwenye boksi moja) pale Mwanga, hapa Kigoma, ile ndogo ya wati 15 yenye spika ya inchi 8, muuzaji anataka laki na ishirini, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, ninunue?" Nikamuuliza nyuma pameandikwa volti ngapi. Kimyaaa. Basi nikasema ngoja niandike yote mara moja, maana swali hili naulizwa na watu wa Ujiji, Gungu, mpaka Kasulu huko, na kila mtu anaanza kwa kuniambia rangi na jina lililoandikwa mbele, kama vile tunanunua kanga.

Ya kwangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilikuja kwenye mzigo wa mitumba ya Japani, inang'aa, haina mkwaruzo, spika kama imetoka kiwandani jana. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili bapa, nikachukua adapta ya kubadilishia pini, nikachomeka ukutani. Ikavuma vuuum nzito, kitaa chake kikawaka kikali kupita kawaida, halafu pu, moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya nyuma na chumba kizima kikanuka vanishi iliyoungua. Mke wangu akatoka jikoni anauliza nani kaacha pasi. Ile adapta niliyonunua inabadilisha pini tu, haibadilishi umeme, na hilo ndio kosa linaloua kombo nyingi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, Marekani 120, sisi 230. Kitu cha Japani ukikipa 230 umekipa zaidi ya mara mbili ya kinachotaka, na transfoma ndogo ya kombo haina pa kukimbilia. Mzigo unaovuka Ziwa Tanganyika kutoka Uvira, Kalemie au Bujumbura mara nyingi una plagi ya pini za duara na kwao ni 220, hiyo haina shida kwetu, unabadilisha plagi unapiga kazi. Ila usiamini njia iliyopita, amini maandishi, maana kombo inaweza kuwa imetoka Osaka ikazunguka dunia ndio ikapanda boti kuja Kibirizi. Angalia nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia. Ukiona 230V au 220-240V endelea. Ukiona 100V au 120V bei ishuke hapo hapo, kwa sababu lazima ununue stepdauni, ile transfoma ya kushusha volti, na stepdauni iwe kubwa kuliko matumizi ya kombo: nyuma pakiandikwa 30W usichukue ya wati 30, chukua ya 100 ikae bila kuchemka. Na usichanganye na ile "15" ya mbele, ile ni nguvu inayotoka kwenye spika, ya nyuma ndio inayokula ukutani. Zingine zina kiswichi kidogo cha kuchagua 115 au 230, hakikisha kimekaa kwenye 230 kabla ya kuchomeka, watoto wa dukani wanapenda sana kukichezea. Maandishi yakiwa yamefutika kabisa na plagi ni ile bapa, mimi naondoka zangu.

Zile ndogo kabisa zinazotumia adapta ya nje zina afadhali, hapo unatafuta adapta tu. Lakini angalia kimchoro kando ya tundu, kile cha duara chenye alama ya chanya na hasi. Vifaa vingi vya gitaa hasi iko katikati, adapta nyingi za ruta chanya ndio iko katikati, kwa hiyo ile ya ruta iliyolala kabatini isikutie tamaa hata kama imeandikwa volti 9 sawa sawa.

Haya, volti ziko vizuri. Bado usiwashe. Weka pua kwenye matundu ya nyuma unuse, harufu ya kuungua inakaa miaka. Inyanyue uitikise taratibu, ukisikia kitu kinagonga ndani kama punje ya mahindi ujue kuna skrubu au kipande kimeachia. Halafu chungulia na tochi ya simu. Mende wanapenda sana joto la transfoma, nimefungua kombo moja nikakuta ukoo mzima, babu mpaka vitukuu, na uchafu wao unakula ubao wa saketi. Nyingine tundu la jeki, pale unapochomeka waya wa gitaa, lilikuwa limezibwa na udongo, nyigu kajenga nyumba yake humo, na mwenye kombo alikuwa anasema "imekufa" mwaka mzima.

Chomoa fyuzi uitazame, ikiwa iko nje. Kombo ndogo ya 230 kawaida inatumia fyuzi ndogo tu, mara nyingi chini ya ampea moja, na pembeni ya tundu lake pameandikwa. Ukikuta ya ampea 5, au umekuta mtu kakunja karatasi ya sigara ile ya kung'aa, hiyo ni barua kutoka kwa mwenye kombo wa zamani, anakwambia fyuzi zilikuwa zinaungua kila siku akachoka kununua. Sababu ya kuungua bado iko humo ndani.

Spika ndio ya kutulia nayo. Ukiweza kuifikia kwa nyuma, weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, ile karatasi inayotikisika, pande zote sawa, sukuma taratibu ndani nje. Inatakiwa iende kimya. Ukisikia kama kucha inakwaruza karatasi, koili ndani, ule waya uliosukwa, inagusa sumaku, na hiyo huwa ni spika ya kubadilisha au kupeleka kwa fundi wa kusuka. Tazama na ukingo wa koni kama umepasuka. Huku kwetu hilo ni muhimu kwa sababu kombo nyingi zimetoka kanisani, na kanisani kombo ya gitaa ya inchi 8 inachomekwa maiki ya mchungaji, kinanda, na gitaa la besi, vyote siku moja, mkesha mzima. Besi ndio muuaji, koni ndogo haijaumbwa kusukuma zile nota nzito.

Ukiwa na mita ya fundi, chomoa waya mmoja wa spika upime ohmu. Spika ya ohmu 8 itasoma sita au saba hivi, ya ohmu 4 itasoma tatu na kitu, usishtuke, ndivyo inavyokuwa. Isiposoma kitu kabisa koili imekatika. Huna mita? Betri ya redio ya volti 1.5, nyaya mbili, gusa na kuachia haraka kwenye miguu ya spika, koni inaruka inasema "tak". Ikisema tak spika iko hai. Hapo namaanisha kombo iko imezimwa na waya wa spika umechomoa, sio unagusa gusa huku inawaka.

Sasa tuwashe. Na hapa ndio wauzaji wanapoleta hadithi. Kuna siku nilikuwa Kibirizi, jamaa katoka na boti ana kombo nzuri tu, ananiambia "Papa, hii iko muzima, inalia bien." Nikamwambia sawa papa, tuiwashe. "Umeme haiko hapa papa." Kweli haukuwepo, lakini saluni ya kinyozi ilikuwa hatua thelathini, nikampa kinyozi buku tukachomeka kwenye soketi yake. Kombo ikanguruma mno, zzzzz kama nyuki, hata voliumu ikiwa sifuri. Jamaa kaishiwa maneno, mimi nimeshaanza kuondoka, mara kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea ili aongee na simu, na ule mngurumo ukakatika palepale. Ilikuwa mashine tu, zilikuwa zinachangia ekstensheni moja. Tangu siku hiyo nikipima kitu kwanza nazimisha vya jirani: mashine za kunyolea, taa za tyubu, chaja za bei chee. Na simu yako iweke mbali, ile titi-titi-titi kabla ya simu kuita haitoki kwenye kombo. Inveta za sola za bei ndogo nazo zinaweka mvumo wake, kwa hiyo kombo iliyopimwa kwenye sola usiihukumu mpaka uisikie kwenye umeme wa kawaida. Jenereta ndogo hivyo hivyo, volti zinapanda na kushuka kila mtu akiwasha kitu.

Ikishakuwa kimya jirani, washa kombo bila kuchomeka gitaa, voliumu sifuri, weka sikio. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mzito ambao haujali voliumu, ukizungusha haubadiliki, unatoka sehemu ya umeme, na mara nyingi ni zile kapasita kubwa mbili, vikopo vinavyotunza chaji na kuchuja umeme, zimezeeka, ukifungua utaziona zimevimba juu kama chapati. Sio msiba, kapasita ni bei ndogo, fundi aweke zenye maikrofaradi zile zile na volti sawa au zaidi, na asigeuze chanya na hasi. Mvumo unaopanda ukiongeza voliumu unatoka mbele huku, kwenye tundu la kuingizia, waya, au gitaa lenyewe. Ndio maana nasema nenda na gitaa lako na waya wako unaoujua. Na huo waya uwe mzima kweli, nitaeleza mwishoni kwa nini.

Chomeka gitaa. Zungusha kila kitu taratibu, gein, besi, trebo, voliumu. Kukwaruza kwarakwara wakati unazungusha ni vumbi tu, vumbi letu hili jekundu linaingia kila mahali. Spree ya kusafishia kontakti, unapuliza kidogo pale kwenye tundu la voliumu, unazungusha mara ishirini, imeisha. Usiweke mafuta ya kula, nimekuta watu wameweka, inanata vumbi linazidi. Mbele ya muuzaji lakini hilo kwarakwara unalikunjia uso kama umeona nyoka, maana ni elfu kumi na tano au ishirini za kupunguza bure. Ila kama ukishasafisha bado inakwaruza vile vile, kuna kapasita inavujisha umeme kuingia kwenye ile voliumu, hiyo ni kazi ya fundi.

Haitoi sauti kabisa lakini taa inawaka? Hapa ndio pesa ilipo jamani. Kombo ndogo karibu zote zina tundu la hedifoni, na ukichomeka hedifoni kuna kibati kidogo ndani kinajitenga ili spika inyamaze. Kibati kikishika kutu au vumbi kinabaki kimejitenga hata hedifoni isipokuwepo, spika imenyamazishwa, na mtu anauza kombo nzima kama spea. Nimewahi kununua moja kwa elfu arobaini, "mbovu", nikafika nyumbani nikachomeka jeki kwenye tundu la hedifoni nikachomoa, nikachomeka nikachomoa, kama mara kumi, ya saba ikakohoa, ya kumi ikaimba. Niliitumia miaka miwili. Kama kombo ina matundu mawili ya kutoa na kurudisha ifekti nyuma, ugonjwa ni huo huo: chukua waya mfupi unganisha kutoka na kurudi, sauti ikija ujue kibati cha tundu la kurudi ndio kichafu.

Sauti inakuja na kukatika ukiigusa jeki? Tundu la jeki limelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao, mtu kakanyaga waya mara moja, risasi ya kulehemu imepasuka kwa chini. Fundi anaichoma upya dakika tano. Gonga na boksi kwa ngumi laini huku nota inalia, ikikatika kwa kugongwa ni ndugu wa ugonjwa huo, kuna jointi imeachia mahali.

Halafu piga kitu. Sio kupiga kelele na distosheni, ile sauti ya kukwaruza ya roki, distosheni inaficha dhambi zote. Weka sauti safi, voliumu nusu, piga zile nyuzi nyembamba huko juu freti ya 12 kama unaingia sebene, halafu acha nota moja ife yenyewe ukisikiliza mkia wake. Inatakiwa izame taratibu. Ikifika mwisho ikaanza kuchachatika kama dagaa kwenye mafuta ya moto, kuna shida, na namna ya kujua ya wapi ni hiyo hiyo hedifoni: chomeka, rudia nota. Ukisikia dagaa kwenye hedifoni nako, tatizo ni saketi. Hedifoni ikiwa safi, mara nyingi dagaa wako kwenye spika. Hiki kipimo kimoja kimeniokolea hela kuliko mita yangu.

Usizime bado. Agiza chai, kaa nayo dakika ishirini au thelathini ikiwaka na uwe unapiga piga. Kuna kombo zinaimba vizuri robo saa, zikipata joto zinafifia au zinaanza kunguruma, na muuzaji anajua, ndio maana ana haraka ya kwenda msibani.

Kama unanunua iliyokufa kabisa ili utengeneze, hapo twende na fundi. Kitu cha kwanza ni taa ya siriz, yaani balbu ya zamani ya waya wa ndani, ya wati 60 hivi, inafungwa kwenye njia ya umeme kabla ya kombo. LED haifanyi kazi hiyo. Ukiwasha balbu ikimweka kisha ikafifia, afadhali. Ikiwaka kali ikabaki kali, ndani kuna shoti, labda daiodi, labda IC ya nguvu, kile kichipu kinachosukuma spika, labda transfoma yenyewe, lakini hakuna kilicholipuka zaidi na hujaunguza fyuzi kumi. Cha pili, spika ikiwa imechomolewa, pima volti za DC pale waya za spika zinapotoka. Ikiwa chini ya 0.1 iko salama. Ukikuta volti kadhaa, mara nyingi IC imekufa, na ukirudisha spika inaungua nayo. IC zenyewe kwenye hizi ndogo mara nyingi ni za familia ya TDA2030, TDA2050 au LM1875, miguu mitano, imefungwa kwenye bati la kupoozea. Zinapatikana na sio ghali, ila feki zimejaa, fundi akikuletea ya bei ya pipi usishangae ikidumu wiki. Na akisharudisha apake ule uji mweupe wa kupitisha joto, wengi wanasahau.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kombo ndogo ni transfoma na spika, hivyo viwili vikiwa vizima vilivyobaki vinatengenezeka kwa hela ya mboga. Transfoma imeungua au spika imekwaruza, lipa bei ya boksi tu.

Usalama kwa haraka. Waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, usiukate hata kama ukiukata mvumo unapungua, wako wanaofanya hivyo. Ukigusa nyuzi za gitaa huku mdomo uko kwenye maiki ukapigwa na umeme, zima kila kitu, usiseme "ni kidogo tu". Kombo iliyochomolewa bado ina chaji kwenye kapasita, asiyejua asitie mkono. Na ukikutana na ya taa za vioo, zile valvu, huku ni nadra lakini zipo, humo ndani kuna volti zaidi ya 300 na hairuhusiwi kuwashwa bila spika, achia fundi anayezijua.

Yule dogo wa Mwanga alirudi kwa muuzaji na tochi. Nyuma palikuwa 230V, koni kimya, mvumo mdogo, voliumu zinakwaruza, na sauti ilikuwa inakatakata kila akitikisa mguu. Akaonyesha kwarakwara na kukatakata, wakashindana mpaka elfu themanini na tano. Jana kaja nayo kwangu nimchomee upya tundu la jeki. Nikafungua, tundu zima kabisa, risasi inang'aa. Nikachukua waya wangu nikachomeka, sauti inatoka safi, haikatiki hata kidogo. Waya aliokuwa anapimia ulikuwa wake mwenyewe, anautumia kanisani kila Jumapili, umekatika ndani pale karibu na jeki.